Somo: Siku ya Mbio za Kasi Tusiikimbie

Kukimbia polepole kutoka Fort Jesus hadi Mama Ngina, wengi wetu twaweza. Shida ni siku ya kasi. Hapo usingizi unanoga, na mtu anasema, "Aa, kesho bwana." Kesho hiyo haifiki.

Sababu ni mbili. Kwanza, joto. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa wa miaka mitano mfululizo, aliacha njiani. Basi ukishindwa saa nne ya asubuhi si uvivu. Tutoke alfajiri.

Pili, upweke. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata Eliud Kipchoge, alipomaliza marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, alisindikizwa na wakimbiaji 41 kwa zamu.

Fanyeni hivi:

1. Chagueni siku moja tu kwa wiki. Kutaneni watatu au wanne, penye taa.
2. Anzeni polepole dakika 10. Kisha mbio dakika 1, taratibu dakika 2, mara 4. Mwili ukizoea, mara 6.
3. Asiyefika bila sababu atie shilingi 20 katika sanduku la kikundi.
4. Mwenye presha au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Swali la kujadili: Katika kikundi chenu, nani atamgongea nani mlango?