SOMO: GHARAMA NA FAIDA YA MZEE KUTIBIWA NA TIMU MOJA

Mwanachama aliyezeeka aghalabu hana ugonjwa mmoja. Shinikizo la damu, magoti, macho na usahaulifu humjia pamoja. Natuchukue mfano wa mzee atokaye kijijini kwenda Hospitali ya Kabanga, Kasulu, mara tatu kwa mwezi, kila ugonjwa na siku yake. Kila safari mjukuu humpakia kwenye baiskeli na kuacha kahawa shambani. Watu wawili kwa siku tatu ni siku sita za kazi. Laiti tabibu, muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na ofisa ustawi wa jamii wangemwona siku moja na kuandika mpango mmoja, zingetumika siku mbili tu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kuwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Lakini siku za mjukuu haikuzigusa, nazo katika daftari la kaya ni gharama.

Hata hivyo, timu nayo ina gharama. Huko Indianapolis, Marekani, wazee 951 wenye kipato kidogo waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilitembelewa nyumbani na muuguzi na ofisa ustawi wa jamii, nyuma yao wakiwapo daktari na wataalamu wengine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007 na 2009. Uwezo wa kuoga na kuvaa haukuwazidi wenzao. Ila kwa wale walioonekana tangu mwanzo kuwa katika hatari kubwa ya kulazwa, fedha zilizoongezwa katika matunzo zilifidiwa na kupungua kwa kulazwa, na mwaka wa tatu gharama zikashuka. Kwa wenye nguvu zaidi, gharama zilipanda.

Hivyo basi, swali la kwanza si timu bali ni nani aonwe na timu. Hapa katibu wa chama anajua jambo ambalo tabibu hulijua kwa kuchelewa: mzee aliyekuwa akileta kahawa ghalani mwenyewe, na msimu huu ametuma mtoto. Jina lake liandikwe, pamoja na la aliyeanguka na la aliyelazwa mwaka huu. Orodha hiyo fupi, kwa ridhaa ya wenyewe, ndiyo ya kupeleka hospitali kuombea siku moja ya pamoja kila mwezi. Wazee wenye afya wasiongezwe humo kwa heshima tu.