Matundu Mawili Nyuma ya Amplifaya: Yajueni Kabla ya Kuuza Chombo



Kikundi kimoja cha vijana katika eneo letu hukodisha vyombo vya muziki kwa arusi na harambee. Wana magitaa mawili, spika, na amplifaya moja ya gitaa waliyoinunua kuukuu kwa pesa za mzunguko. Mwaka jana tuliwakuta wakijadili kuiuza. Sauti ilikuwa ikipotea katikati ya wimbo, inarudi yenyewe, kisha inafifia tena. Arusi mbili waliaibika, na ya tatu ikabidi warudishe rubuni. Fundi waliyemwita aliwaambia mashine imekwisha, ila yeye yuko tayari kuinunua kwa bei ya vyuma!

Tulichukua waya mfupi wa gitaa, ncha moja tukaichomeka nyuma ya mashine kwenye tundu lililoandikwa "Send", ncha ya pili kwenye tundu la "Return". Sauti ikarudi yote. Vijana wakatutazama kama waganga. Hata hivyo hakuna uganga hapo, na somo la leo ni juu ya matundu hayo mawili, ambayo wengi wetu huyaona tu na kuyapita.

Amplifaya ya gitaa ni mashine mbili ndani ya sanduku moja. Sehemu ya mbele hupokea sauti dhaifu ya gitaa, huiongeza kidogo na kuipa ladha: besi, sauti nyembamba, na ule mkwaruzo unaokuja ukifungua sana kitufe cha "Gain". Sehemu ya nyuma ndiyo yenye misuli ya kusukuma spika. Kati ya hizo mbili kuna njia, na matundu yetu yamekaa katika njia hiyo. "Send" ni mlango wa kutokea kutoka sehemu ya mbele. "Return" ni mlango wa kuingilia sehemu ya nguvu. Njia hii ya kutoka na kurudi huitwa lupu ya efekti. Si kila amplifaya inayo. Nyingi za zile ndogo za kujifunzia hazina.

Sasa kwa nini mtu atoe sauti nje halafu airudishe? Ni kwa sababu ya pedali, vile visanduku vya kukanyagwa na mguu. Hebu fikirieni mtu mwenye sauti ya kukwaruza akihubiri katika kanisa kubwa la mawe. Kwanza koo linakwaruza, ndipo kuta zinarudisha mwangwi. Mwangwi huja mwisho, na kila neno linasikika. Lakini ukichomeka pedali ya mwangwi kati ya gitaa na amplifaya, na mkwaruzo unatengenezwa ndani ya amplifaya, umegeuza mambo: mwangwi unaingia kooni. Marudio yote yanakwaruzwa pamoja na sauti yenyewe na kuwa uji. Ukiiweka pedali ile ile kwenye lupu, mkwaruzo unatangulia na mwangwi unafuata, na kila rudio linakuja safi.

Kwa hiyo pedali za mwangwi na za mvumo wa ukumbini hupenda lupu. Za korasi pia wengi huziweka huko. Pedali ya mkwaruzo, ya wa-wa na ya kubana sauti hukaa mbele, kati ya gitaa na amplifaya. Kwenye lupu, waya hutoka "Send" kwenda tundu la kuingilia la pedali, na kutoka tundu lake la kutokea kwenda "Return". Ukikosea hapo, sauti haitapita.

Lakini tuseme ukweli. Gitaa la benga hupigwa kwa sauti safi, bila mkwaruzo. Kwa mpigaji wa namna hiyo tofauti ni ndogo, na pedali ikikaa mbele hakuna atakayelalamika. Msinunue amplifaya ya bei kubwa ati kwa sababu ina lupu.

Kuna jambo la kiwango cha sauti. Lupu nyingine hutoa sauti yenye nguvu kuliko pedali inavyoweza kubeba, nayo pedali inapasuka sauti. Baadhi ya mashine, kama Roland JC-120 za matoleo ya baadaye, zina swichi: -20 kwa pedali za mguu na +4 kwa vyombo vikubwa vya studio. Wekeni -20.

Waya uwe wa gitaa, wenye wavu wa kuzuia mvumo, si waya wa spika. Na tundu la spika lisiunganishwe kamwe na pedali. Nguvu inayotoka pale inaweza kuiunguza.

Turudi kwa vijana wetu. Wakati hakuna kitu nyuma, "Send" na "Return" huunganishwa ndani na kibati kidogo chenye springi kwenye tundu la "Return". Ukichomeka plagi, kibati kinasukumwa na kuachana. Mashine ikikaa miaka bila lupu kutumiwa, vumbi na kutu hukaa pale, na sauti inapita kwa shida. Waya wetu uliruka tu hapo mahali pachafu. Dawa yake: zimeni mashine, chomoeni umeme, kisha ingizeni na kutoa plagi kwenye "Return" mara ishirini hivi. Dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme ikipatikana, nyunyizieni kidogo plagi yenyewe, ikauke kabla ya kuwasha. Wale walifanya hivyo, na mpaka leo hutembea na ule waya mfupi mfukoni.

Waya usiporudisha sauti, punguzeni vitufe vyote, chomekeni gitaa moja kwa moja kwenye "Return", halafu mpandishe polepole. Sauti ikitoka, hata kama ni hafifu, sehemu ya nguvu na spika ni nzima; tatizo liko mbele. Mwambieni fundi hivyo mnapomfikia. Atajua hamji mkiwa vipofu.

Sanduku lenyewe msilifungue. Ndani kuna vifaa vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa, na katika amplifaya za taa unaweza kupita volti 400. Huo unaua.

Kwa mkutano ujao, leteni amplifaya yenu mezani. Nani anaweza kuonyesha "Send" na "Return"? Waya mfupi tunao, na nani atautunza? Na je, kati ya vyombo tulivyoambiwa vimekufa, ni kipi tulikiuza bila kumuuliza fundi wa pili?