Itikadi, Amri na Rai kwa Wamormoni

Yapasa ijulikane ya kuwa Wamormoni wa Marekani wana vitabu vinne vya itikadi. Na maneno ya wakuu wao yasiyokuwamo humo, wengi wao husema ni amri ya wakati au rai tu. Walakini mwaka 1852 mkuu wao Brigham Young alitangaza ya kuwa mtu mweusi hapewi ukuhani, ambao kwao hupewa wanaume wote wema, ati kwa laana ya Kabili. Tangazo hilo halikutiwa vitabuni. Na juu ya hayo lilishikwa kama wahyi miaka 126. Kuondolewa kwake mwaka 1978 ndiko kulikoandikwa, baada ya mkutano kuinua mikono. Ama sababu ya laana, kanisa liliikana mwaka 2013. Msomaji wa fiqhi, aliyezoea kupambanua nassi na kauli ya mwanachuoni, atauliza: waliokufa wamenyimwa, walinyimwa kwa lipi katika hayo matatu?