Pima Kabla ya Kubofya: Tovuti Wanazotushauri Vijana wa Klabu ya Kompyuta

Vijana wenzangu, leo tuongee kuhusu simu iliyo mkononi mwako sasa hivi. Usidhani tumetoka nje ya imani. Ukisoma hadi mwisho utaona tumebaki humo humo.

Naanza na kosa langu. Mwaka jana, kipindi cha kuomba mikopo ya elimu ya juu, nilitumiwa ujumbe kwenye WhatsApp: dirisha la mkopo linafungwa leo usiku, bofya hapa, lipia haraka. Ulikuwa na nembo na maneno ya kiofisi. Mimi, bila hata kuusoma hadi mwisho, nikautupa kwenye kundi la vijana wa kigango. Nia yangu ilikuwa njema kabisa.

Binti mmoja wa kigango chetu aliyekuwa amemaliza kidato cha sita akaubofya. Akajaza majina, namba ya mtihani na namba ya NIDA, halafu akatuma shilingi 30,000 kwenye namba ya simu iliyoandikwa pale. Hela hiyo baba yake aliipata kwa kuuza mahindi. Kesho yake ile namba ikawa haipatikani.

Jumapili baada ya Misa akanifuata. Hakunifokea. Aliniambia tu, "Kaka, mi niliamini kwa sababu wewe ndiye uliyetuma."

Jamani, maneno yale yalinikaa. Nilikuwa nimepanga kukomunika siku ileile asubuhi, na kweli nilikomunika, bila kufikiria kabisa kwamba kidole changu kilikuwa kimemuumiza mtu. Ndipo nikaenda kwa vijana wetu wa klabu ya kompyuta, nikawaomba wanifundishe. Huku Nyanda za Juu Kusini tuna bahati. Mbeya kuna MUST na Chuo Kikuu Katoliki cha Mbeya. Iringa kuna RUCU, Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa. Wanaojua kompyuta tunao, tunakaa nao benchi moja kanisani, ila hatuwaulizi. Haya yafuatayo ni yale waliyonifundisha, wa Mbeya na wenzao wa Iringa.

Maswali matatu kabla ya kubofya

*La kwanza: anwani inaishia na nini?* Tovuti za taasisi za serikali yetu zinaishia na .go.tz. Vyuo vinatumia .ac.tz. Angalia maneno yaliyo kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Ukiona go.tz katikati halafu inafuata nukta na maneno mengine, huyo ni mwizi kavaa sare. Kwenye ule ujumbe niliousambaza, jina la Bodi ya Mikopo lilikuwemo, lakini mwisho wa anwani haukuwa wa serikali. Ningeangalia kwa sekunde tano tu ningegundua.

*La pili: hela inaenda wapi?* Malipo ya serikali yanafanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu. Ukiambiwa utume kwa "afisa" fulani, simama hapo hapo.

*La tatu: nani mwingine anasema hivyo?* Usifuate kiungo ulichotumiwa. Fungua mwenyewe tovuti ya taasisi husika, andika anwani kwa mkono wako, uone kama tangazo lipo. Kama halipo, usilisambaze.

Na ukishapata ujumbe wa kitapeli, usiufute kimya kimya. Upeleke 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa za matapeli, bila malipo. Kama ulishatoa namba yako ya NIDA kama yule dada yetu, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma wako akaifute.

Tovuti za masomo

Kwa walioko sekondari, anzieni necta.go.tz. Wengi tunaijua siku ya matokeo tu, lakini mle kuna pia miundo ya mitihani, yaani utajua mtihani una sehemu ngapi na unapima nini. Ya pili ni ol.tie.go.tz, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada. Kama shuleni kwenu kitabu kimoja mnagombania watu watano, hapo pana msaada.

Mitihani ya miaka iliyopita na maelezo ya masomo yapo Maktaba Tetea (maktaba.tetea.org). Shule Direct (shuledirect.co.tz), iliyoanzishwa na Mtanzania mwenzetu Faraja Nyalandu, ina maelezo yanayofuata mtaala wa sekondari. Kwa hesabu na sayansi, Khan Academy inafundisha hatua kwa hatua bila malipo, ila sehemu kubwa ni Kiingereza na video zinakula bando. Mwanaklabu mmoja wa Iringa ananiambia anazipakua kwenye Wi-Fi ya chuo, halafu anampelekea mdogo wake kijijini kwenye memori kadi. Hiyo nayo ni sadaka.

Na kama bando ni tatizo kubwa, kuna programu inaitwa Kiwix. Unapakua Wikipedia mara moja, hata ile ya Kiswahili, kisha unasoma bila intaneti kabisa. Kompyuta moja ya parokia ikiwekewa hiyo, inasaidia watoto wote wa jirani.

Tovuti za chuo, mkopo na kazi

tcu.go.tz inakuonyesha vyuo vikuu vinavyotambuliwa na sifa za kujiunga na kila kozi. Kwa vyuo vya kati na vya ufundi nenda nactvet.go.tz. Usilipe ada ya chuo ambacho hujakiona huko. Mkopo ni heslb.go.tz. Soma mwongozo wao kabla ya kwenda steshenari kujaziwa fomu, kwa sababu anayekujazia akikosea, anayekosa mkopo ni wewe. Cheti cha kuzaliwa nacho kinahitaji kuhakikiwa RITA, kwa hiyo usisubiri wiki ya mwisho.

Ajira za serikali ziko portal.ajira.go.tz. Kuomba kazi pale ni bure. Narudia: ni bure. Anayekudai "hela ya fomu" au "hela ya kupitisha jina" anakuibia, na ukimpa ujue unanunua nafasi ya mwenzako.

Kwa wanaotaka kujifunza kompyuta yenyewe: GCFGlobal kwa mambo ya mwanzo kama kuandika na kupanga hesabu, Scratch kwa watoto kuanza kutengeneza programu, na freeCodeCamp kwa anayetaka kujenga tovuti. Zote ni bure. Kinachotakiwa ni uvumilivu, na saa moja kila siku inatosha kuanza.

Tovuti za imani

Vatican News ina ukurasa wa Kiswahili (vaticannews.va/sw): habari za Papa, tafakari za Dominika na habari za Kanisa la Afrika. vatican.va ni ghala la nyaraka, na baadhi ya hati za Mtaguso wa Pili wa Vatikano zimo kwa Kiswahili. Ukisikia mtu anasema "Papa kasema hivi", nenda kasome mwenyewe. Uongo mwingi unaosambaa kuhusu Kanisa unakufa ukifika pale. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina kurasa nyingi sana za watakatifu, inasaidia kumjua somo wako. Na Radio Maria Tanzania inasikika pia mtandaoni.

Mtakatifu aliyejua kompyuta

Hapa ndipo ninapotaka tufike. Carlo Acutis alizaliwa London tarehe 3 Mei 1991, akakulia Milano. Alipenda kompyuta kama ninyi mnavyoipenda. Lakini alikusanya habari za miujiza ya Ekaristi kutoka sehemu mbalimbali za dunia, akazipanga kwenye tovuti ili watu wazione. Inasimuliwa kwamba michezo ya kompyuta alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Alikufa kwa kansa ya damu tarehe 12 Oktoba 2006, akiwa na miaka 15. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu, pamoja na Pier Giorgio Frassati.

Angalia tofauti yake na mimi. Wote wawili tulituma vitu kwa watu. Yeye alitafuta, akahakiki, akapanga, ndipo akatuma. Mimi nilituma tu. Mtume Paulo aliwahimiza Wakristo wa Thesalonike wachunguze kila kitu na kubaki na kile chenye wema (1 Thes 5:21). Hakuwaambia wakatae kila kitu, wala hakuwaambia wapokee kila kitu. Kuchunguza ni kazi, na kazi hiyo ni sehemu ya amri ya nane. Wengi tunadhani amri ile inamhusu anayetunga uongo. Lakini yule binti hakumwamini tapeli, maana hamjui. Aliniamini mimi. Tapeli alitumia jina langu zuri, na mimi nikampa bure.

Padre aliponiungamisha hakuniachia kirahisi. Alinikumbusha fundisho la Katekisimu, namba 2487, kwamba aliyekosea haki na ukweli ana wajibu wa kufidia. Kwa hiyo nilienda kwa mzee, nikamsalimia, nikaeleza kila kitu. Ile 30,000 nimeirudisha kwa awamu mbili. Na kwenye kundi lilelile niliandika kwamba ule ujumbe ni wa uongo na mimi ndiye niliyeuleta. Kuandika hivyo kulikuwa kugumu kuliko kulipa hela.

Na yule dada? Dirisha la kweli lilikuwa bado wazi. Kijana mmoja wa klabu alikaa naye jioni mbili kwenye tovuti halisi, wakajaza taratibu, akatuma maombi siku nne kabla ya mwisho. Sasa yuko mwaka wa kwanza Iringa, na ameshajiunga na TMCS chuoni kwake.

Tujihoji

1. Ujumbe watatu wa mwisho niliosambaza, niliusoma wote? Nilijua umetoka wapi?
2. Kuna mtu aliyepata hasara, hofu au aibu kwa kitu nilichotuma? Nimefidia?
3. Katika bando langu la wiki hii, ni kiasi gani kimenijenga mimi au kumsaidia mwenzangu?

Kazi ya wiki

Chagua tovuti moja kati ya hizi, ifungue mwenyewe, kisha kaa na mtu mmoja asiyeijua umwonyeshe: mdogo wako, jirani, mwanajumuiya. Usimtumie kiungo tu. Kaa naye.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe uliye Ukweli, utupe macho ya kupambanua na vidole vyenye subira. Utusamehe tulipowaponza wenzetu kwa haraka zetu, na utupe ujasiri wa kurekebisha. Utufundishe kutumia tulichonacho mkononi kwa ajili ya ndugu zetu. Amina.

Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.

Tukutane wiki ijayo. Tumsifu Yesu Kristo!