SOMO LA MKUTANO: TUJIFUNZE KWA VIJIJI VYA MPANDA



Katika mkutano mkuu ujao jambo zito litaletwa mbele yetu. Akiba ya chama, tuliyoiweka kidogo kidogo kila msimu, yataka kuamuliwa: tununue majamvi na mizani vya kutumiwa na wote, au tugawane, kila mtu achukue fungu lake akatengeneze shamba lake? Kamati haikupenda kulikata neno hili peke yake, kwa kuwa mali si ya kamati.

Lakini tumeona kwamba wengi wetu twajua kuchuma na kuanika kuliko tujuavyo kufanya mkutano. Aghalabu mkutanoni twanyamaza, kisha tukifika barazani penye kahawa ndipo kila mmoja huwa hodari wa kusema. Maneno ya barazani hayaandikwi, wala hayamfungi mtu. Kwa hivyo tumeonelea tuandike somo hili mapema, ili kila mwanachama aje akiwa tayari.

Mfano wetu tumeutoa mbali, katika vijiji vya upande wa Mpanda, Mkoa wa Katavi, magharibi ya Tanzania Bara. Huenda mtu akauliza, "Mpanda na karafuu, wapi na wapi?" Kweli, sifa ya huko si karafuu. Lakini wako watu wenye miti ambayo faida yake ni ya wote, nao wamepaswa kukaa pamoja na kuamua fedha zake zifanye nini. Shauri lao na letu ni moja.

MPANDA NI WAPI

Anayekwenda Mpanda kwa gari la moshi hupita Tabora, akafika Kaliua, na hapo reli hutoa tawi la kusini lenye urefu wa kilomita 210. Tawi hilo lilifunguliwa mwaka 1950, wakati wa utawala wa Kiingereza, kwa ajili ya madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa huko. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Risasi ilikwisha kwenda zake, na wenyeji wakabaki na reli na ardhi yao, wakalima mahindi, mpunga na tumbaku. Mwaka 2012 Katavi ulitengwa na Rukwa ukawa mkoa, na Mpanda ukawa makao makuu yake. Leo mji huo ni manispaa yenye Baraza lake la Madiwani.

Tuyaangalie hayo vizuri. Mali ilitoka ardhini kwa watu wa Mpanda, lakini walioamua ichimbwe lini, iuzwe wapi na iachwe lini hawakuwa watu wa Mpanda. Na sisi visiwani yetu twayajua. Mwaka 1927 kilianzishwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, na mwaka 1937 sheria zikakipa nguvu kubwa juu ya biashara ya karafuu, hata wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na ugomvi ule haukwisha mpaka mwaka 1938. Jina la chama lilikuwa la wakulima, ila neno la mwisho lilikuwa la Serikali ya kikoloni. Basi jina zuri peke yake halitoshi. Yatupasa kuuliza: nani aamua?

MSITU WA NTAKATA

Katika Wilaya ya Tanganyika, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpanda, iko milima ya Ntakata yenye msitu mkubwa wakaamo sokwe na tembo. Msitu huo uko katika ardhi ya vijiji. Vijiji vinane, miongoni mwao Mwese, Katuma na Lugonesi, viliafikiana kuuhifadhi, navyo hupata fedha kwa sababu ya kuuacha umesimama.

Fedha zatoka wapi, na miti haikukatwa? Mti ukikua huvuta hewa ya ukaa na kuiweka katika shina na mizizi yake. Ukikatwa na kuchomwa, hewa ile hurudi angani, nayo huzidisha joto la dunia. Wataalamu hupima ni kiasi gani cha hewa hiyo kimezuiwa kwa kuokoa msitu, na makampuni ya nchi za nje hununua hati za kipimo hicho. Sehemu ya malipo hurudi vijijini. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilitoa kanuni maalumu za biashara hii. Fedha hizo zimejenga zahanati na madarasa, na kuwalipa vijana wa vijiji wanaofanya doria msituni.

Lakini faida hiyo haikuja bure. Kuhifadhi msitu ni kusema: hapa patalimwa, hapa patalishwa ng'ombe, na hapa hapatafyekwa. Yuko aliyetazamia kupata shamba jipya akalikosa, na yuko mfugaji aliyezibiwa njia. Jambo la namna hiyo likiamuliwa na watu wanne gizani, halikai. Litakaa ikiwa hata aliyekosa alikuwapo, akasema, akasikilizwa.

MKUTANO MKUU WA KIJIJI

Huko Bara, Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 yasema kwamba mwenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huo ni mkutano wa wakaazi wote waliotimiza miaka 18, wake kwa waume. Mkutano huo ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji, yenye watu 15 mpaka 25, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa. Halmashauri hutekeleza, mkutano huamua. Mwenyekiti huchaguliwa na watu, na Mtendaji wa Kijiji, aliyeajiriwa, ndiye mwandishi wa kumbukumbu.

Juu ya hayo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakataza Halmashauri kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Na ikiwa kijiji chataka sheria ndogo, mathalan ya kumtoza faini mkata miti, rasimu husomwa mbele ya watu wajadili, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya kuthibitishwa. Hapo ndipo huwa sheria, si kabla.

Sasa tuseme kijiji kimepata fedha za msitu. Mmoja asema, "Tujenge zahanati." Wa pili asema, "Tuezeke madarasa, watoto wananyeshewa." Wa tatu asema, "Tugawane, maana njaa ni ya leo." Wote watatu wana haki ya kusema. Mwenyekiti mwema hatawanyamazisha. Atauliza kila mmoja: lako lagharimu kiasi gani? Litawafaa watu wangapi? Mwakani tutakuwa na nini mkononi? Wa tatu akipiga hesabu huenda akaona fungu la kila nyumba halitoshi magunia mawili ya mahindi. Au huenda wale wawili wakaona kwamba zahanati bila mganga ni nyumba tupu. Hivi ndivyo majadiliano yanavyofaa kuwa: hesabu kwa hesabu, si sauti kwa sauti.

Hatusemi kwamba huko mambo yote yamenyooka. Popote penye fedha na watu pana hila: mkutano ulioitwa jana kwa ajili ya leo, hesabu zinazosomwa mbio, watu wenye njaa wanaoitikia "ndiyo" ili waende zao. Sheria haimzuii mtu kulala mkutanoni. Humpa nafasi tu ya kuamka.

LA KWETU

Visiwani shehia zetu huongozwa na sheha, naye huteuliwa, hapigiwi kura na mkutano wa wenyeji. Kwa hivyo hatuwezi kuuchukua utaratibu wa Mpanda mzima mzima. Lakini ndani ya chama, ambacho ni mali yetu wenyewe, twaweza kufuata mambo manne:

1. Habari kabla ya mkutano. Hesabu ya akiba itabandikwa ukutani siku saba kabla, pamoja na bei za majamvi na mizani. Asiyejua kusoma amwombe kijana wake amsomee.

2. Kila upande usikilizwe. Mwenye mikarafuu mia ana majamvi yake na sakafu yake. Mwenye mikarafuu kumi huanika kando ya njia, mvua ikija hukimbia na karafuu zake. Tena ikiwa tutagawana, tutagawana kwa vichwa au kwa wingi wa miti? Hilo si neno dogo, na wanyonge wasiliache lisemwe na wakubwa peke yao. Akina mama wanaochuma na kuchambua makonyo nao wana la kusema.

3. Uamuzi uandikwe. Wangapi walikubali, wangapi walikataa, na nani amepewa kazi gani mpaka lini. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Waliotumwa warudi kueleza. Mkutano utakaofuata utaanza kwa kusoma uamuzi uliopita, na kuuliza kama umetimizwa.

Sote tuliopita chuoni twajua kwamba katika Msahafu imo sura nzima inayoitwa Sura ya Shura, yaani ya kushauriana. Basi kushauriana si jambo geni lililoletwa na vyama. Tuliokuwa wavivu ni sisi.

Sisi wa kamati hatutasema hapa upande upi ni bora, tusije tukawatangulia wanachama. Twasema hivi tu: watu wa Mpanda waliona mali ya kwanza ikiondoka kwa reli, wala hawakuulizwa. Mali ya pili ingali imesimama milimani, na vijiji vina neno juu yake. Tofauti ya hayo mawili ni mkutano, na daftari la mkutano.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu vina tofauti gani? Katika chama chetu, kamati ni sawa na kipi?
2. Kwa nini aliyekosa shamba naye lazima asikilizwe?
3. Tukinunua majamvi ya wote, nani atayatunza, na nani ataanza kuyatumia mvua ikikaribia?
4. Tukigawana, fungu lako litafanya kazi gani ambayo majamvi yasingeifanya?

Njooni na majibu. Yaliyosemwa barazani yaleteni mkutanoni.

Katibu wa Chama