Lami ya Pipa la Kubanikia Samaki: Iondoe Wapi, Iache Wapi

Kambare akitoka kwenye pipa safi huwa na rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu, na ukimvunja unanusa kuni nzuri. Akitoka kwenye pipa chafu huwa na mabaka meusi, ananata vidoleni, na ulimi unakufa ganzi kabla hujaonja nyama yenyewe. Sisi tunaobanika samaki nyumbani huku kandokando ya Ziwa Victoria tukimwona wa namna hiyo hulaumu kuni. Mimi nililaumu kuni miezi mingi. Siku moja nikafunua pipa mapema kuliko kawaida, nikakuta matone meusi yamening'inia chini ya mfuniko kama umande. Moja lilidondoka machoni pangu juu ya sangara niliyemwandalia wageni. Tangu siku hiyo, usafi wa pipa langu huanzia kwenye mfuniko.

Kabla ya kushika brashi, ujue unasafisha nini. Pitisha kidole ndani ya pipa lililopoa. Ukiona vumbi jeusi kavu linalopeperuka kwa kupuliza, hayo ni masizi, na ufagio mdogo unayatosha. Chini ya nyavu utakuta ukoko, yaani mafuta ya samaki yaliyodondoka, yakaungua na kushikamana na bati kama ukoko wa wali, na hunuka shombo iliyochacha. Kisha kuna lami. Hiyo ni nyeusi inayong'aa. Asubuhi ni ngumu kama kioo, jua likiipiga inanata. Lami ndiyo inayotia samaki uchungu.

Kuna na kitu cha nne, nacho si uchafu: utando mwembamba, mkavu, mweusi usiong'aa, ulioshikana na bati kiasi kwamba ukucha hauubandui. Uache ulivyo. Huo ndio unaokinga chuma kisile kutu. Nimeona watu wakisugua pipa hadi bati linameta, wakijisifu kwa usafi, na masika ya kwanza tu pipa likawa jekundu kwa kutu. Ukuta wa ndani unakwanguliwa, hausuguliwi hadi chuma kitupu. Nyavu ndizo za kusuguliwa hadi zing'ae, kwa sababu samaki hulala juu yake.

Lami inatoka wapi? Kuni zikipata joto bila hewa ya kutosha haziwaki, zinafuka. Moshi huo mzito unabeba mvuke wa maji, asidi ileile iliyomo ndani ya siki, fenoli zinazompa samaki harufu na kusaidia asioze, na mvuke wa lami. Ukigusa kitu cha baridi unaganda papo hapo. Ndani ya pipa hakuna kilicho baridi kuliko mfuniko, kwa kuwa upepo unaupiga kutoka juu. Ndiyo maana matone huanzia pale.

Kwenye lami na masizi hayo kuna kemikali iitwayo benzopirini, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limeiweka katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyojulikana kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukiruhusu mikrogramu 5 za benzopirini katika kila kilo ya samaki wa moshi. Tangu Septemba 2014 unaruhusu 2 tu. Jikoni kwetu hakuna anayepima, lakini tone jeusi kwenye samaki unaliona kwa macho, na kulizuia kunawezekana.

Chagua siku ya jua, pipa liwe nje, mbali na paa la nyasi na watoto. Chota majivu kwa pauro la chuma na uyatie kwenye ndoo ya chuma, maana kaa lililo hai hujificha ndani ya majivu hata siku nzima. Usiyamwage, utayahitaji.

Anza na ukoko wa chini, pipa likiwa baridi kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea. Huwasha moto mkubwa kwanza ili uchafu uungue, mafuta yaliyoganda chini yakashika, na ndimi za moto zikapanda juu ya pipa. Likitokea hilo, usimwage maji. Funika pipa, ziba mlango wa kuni kwa bati au udongo wa mvua, moto ufe kwa kukosa hewa. Ila usifike huko: kwangua ukoko kwanza, kwa bapa la chuma au mwiko mkuukuu wa fundi mwashi.

Ukoko ukiisha, washa kuni chache zilizokauka sana, bila samaki, mfuniko ukiwa wazi nusu. Unataka mwanga, hutaki moshi. Kwa muda wa nusu saa hivi lami itafuka, itapoteza mng'ao, kisha itakauka na kupasuka kama tope la kisima wakati wa kiangazi. Acha moto ushuke. Pipa likiwa bado na joto, ila unaweza kulishika kwa glavu nene za ngozi, kwangua kuta na upande wa ndani wa mfuniko. Kazi ambayo pipa la baridi lingekula mchana mzima inaisha upesi, maana lami inaanguka kwa magamba. Simama upande upepo unakotoka.

Ilinde na ngozi yako. Mwaka 1775 Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliandika kwamba saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani iliyowapata wasafisha mabomba ya moshi ilitokana na masizi yaliyoshikamana na miili yao. Wengi walianza kazi hiyo wakiwa watoto. Vaa mikono mirefu, funga kitambaa puani, na ukimaliza uoge kwa sabuni palepale, usingoje jioni.

Sasa nyavu, na hapa ndipo majivu yanapofanya kazi. Chekecha majivu ya kuni ngumu, yasiwe na vipande vya mkaa wala ya takataka za plastiki. Kipimo kimoja cha majivu kwa viwili vya maji ya moto, koroga, funika, yalale hadi asubuhi, kisha yachuje kwa kitambaa. Yakiwa mazuri huwa na rangi ya chai hafifu na yanateleza vidoleni kama sabuni. Waluhya wa magharibi mwa Kenya huchuja maji ya jamii hii kwa ajili ya kulainisha mboga, wakiyaita musherekha; ya nyavu tunayataka makali zaidi. Ndani yake kuna kabonati ya potasiamu, na hiyo ikikutana na mafuta hugeuza sehemu yake kuwa sabuni, huku ikilegeza lami. Yapashe moto, loweka nyavu humo saa kadhaa au usiku kucha, kisha sugua kwa brashi ya waya, hasa pale nondo zinapokutana. Suuza kwa maji ya moto, halafu pitisha dodoki au kitambaa cheupe kila upande. Brashi ya waya huacha vijiti vyake, na kijiti kimoja kikiingia ndani ya samaki kitaishia kooni mwa mtu.

Maji ya majivu ni ya chuma cheusi tu. Sinia la alumini hutafunwa nayo. Hilo lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida. Wavu wa banda la kuku usiutumie kubanikia kabisa, kwani umepakwa zinki, na zinki haipatani na moto wala na asidi ya moshi. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee wa nondo nyembamba.

Kuna wanaotumia magadi makali ya kutengenezea sabuni. Yanaondoa lami, kweli, lakini yanaunguza macho na ngozi, na sioni sababu ya kuyaleta nyumbani wakati majivu yapo bure. Mafuta ya taa, petroli na tina usiviguse hata kidogo. Vinaacha harufu ndani ya bati, na moto wa siku inayofuata unaweza kuvilipua. Maji machafu yote na magamba ya lami yafukie shimoni, mbali na kisima na ziwa.

Mwenye tanuri la udongo au matofali, kama lile la Chorkor kutoka Ghana, asilowanishe kuta. Afagie kwa brashi kavu, akande udongo na kuziba nyufa. Fremu za mbao za trei zake zikwanguliwe na kuanikwa juani, zisilowekwe.

Ukishasafisha, lami ipunguze tangu mwanzo. Samaki uliyemloweka kwenye maji ya chumvi atundikwe penye upepo hadi ngozi ikauke ukiigusa. Akiingia amelowa, mvuke wake unashika lami. Kuni ziwe kavu, za mwembe au mpera, kamwe si mbao zilizopakwa rangi au dawa. Tundu la moshi lisizibwe, maana moshi unatakiwa kupita, si kukaa. Na uweke sinia la kukinga mafuta kati ya moto na wavu. Tanuri la FTT, lililobuniwa mwaka 2008 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, Senegal, lina sinia la namna hiyo, kwa kuwa mafuta yakidondokea makaa yanazaa moshi uleule mchafu. Mimi hupiga nyavu brashi kila nikimaliza kubanika, zikiwa bado za moto, na mfuniko naukwangua kila mara ya nne au ya tano.

Kabla ya kurudisha samaki, paka nyavu mafuta ya kupikia kidogo sana kwa kitambaa, washa moto, na uweke juu yake tonge la ugali lililobonyezwa bapa. Liache kwenye moshi dakika 20, kisha umege upande wa juu, ule uliokuwa ukitazama mfuniko, uutafune polepole. Ukipata harufu ya kuni tu, lete kambare. Ulimi ukifa ganzi, zima moto na urudi kwenye mfuniko.