Kusoma uigizaji ukiwa bado humanite, Lubumbashi

Mwanafunzi wa humanite (sekondari) za kawaida hapa Lubumbashi, Kongo, awe anasoma latini na filozofia, pedagojia au biashara, hatakuta karatasi ya uigizaji katika Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza humanite. Atapimwa elimu ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya opsyo yake, basi. Hata hivyo, mwenye hamu ya jukwaa asingoje diploma ndipo aanze. Mji huu una namna yake ya kutunga mchezo, na kijana wa miaka 17 anaweza kujifunza namna hiyo uani kwao.

Ukiuliza watu wazima nyumbani watakutajia kundi la Mufwankolo, waliocheza redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili hiki hiki tunachosema katika komini zetu za Kenya, Katuba na Ruashi. Hawakukariri maandishi. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Badala ya kumjibu kwa maneno mawili, waliufanya mchezo: walibishana juu ya maana yake, wakakubaliana kisa, wakakigawa katika vipande, kila mmoja akajitafutia maneno yake katika mazoezi, kisha wakaenda kuucheza kijijini Kawama mbele ya kamera. Kitabu cha Fabian cha mwaka 1990, Power and Performance, kimechapa mazungumzo yao ya mazoezi kwa Kiswahili. Ukikipata katika maktaba au kwa mwalimu, soma kurasa za mazoezi kwanza, kabla ya mchezo wenyewe.

Fanyeni vivyo hivyo. Kusanyikeni watu watano au sita, mchague methali moja, na siku ya kwanza msiigize kabisa: jadilini tu. Nani anaumia katika methali hii? Nani ananufaika? Kisha tajeni vipande vichache, na kwa kila kipande mseme anayeingia anataka nini na nani anamzuia. Kwa mfano, mama muuzaji anataka kulipwa deni lake; mnunuzi anataka kuondoka bila ugomvi. Hapo mna mchezo tayari. Chezeni mara ya kwanza bila kusimamisha, mkirekodi kwa simu, halafu msikilize: mahali ambapo wawili wanasema kwa pamoja na hakuna anayesikika, au mmoja anahubiri muda mrefu, ndipo pa kurekebisha. Mimi naamini zoezi hili la kusikiliza linamjenga mwigizaji kuliko kukariri kurasa kumi.

Lakini kusoma nako kuna kazi yake, maana chuoni utapewa maandishi. Anza na Une saison au Congo ya Aimé Césaire, ya mwaka 1966, inayomhusu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ambaye aliuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961. Ongeza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, uone mwandishi wa Tanzania alivyoipeleka vita ya Majimaji jukwaani kwa Kiswahili. Someni kwa sauti, mkigawana nafasi. Ukimaliza ukurasa, jiulize nini kimebadilika kati ya wahusika. Kama huwezi kujibu, rudia.

Nenda ukatazame wengine pia. Halle de l'Étoile, kwenye Institut français, hupokea michezo na muziki. Pita uangalie ratiba iliyobandikwa. Shuleni, mwendee prefe (mkuu wa shule) mapema, na barua fupi inayosema siku, saa, mwalimu atakayewasimamia na chumba mnachoomba. Mazoezi yaishe kabla ya giza, kwani umeme hukatika na wazazi wa wasichana wana haki ya kujua watarudi saa ngapi. Mwaka wa mwisho, punguzeni mazoezi Exetat ikikaribia. Bila diploma ya serikali, mlango wa chuo haufunguki.

Anayetaka kuendelea ana Institut National des Arts huko Kinshasa, inayofundisha sanaa za maonyesho. Ni zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, kwa hiyo gharama ya nauli na malazi ijadiliwe na familia mwaka mzima kabla. Uliza ada, tarehe za kujiandikisha na kama kuna jaribio la kuingia, na uombe majibu kwa maandishi. Kama safari haiwezekani, Kitivo cha Fasihi cha Université de Lubumbashi kitakupa msingi wa lugha na fasihi huku ukibaki na kundi lako.